Kupima kupungua kwa maji ya ardhini kwa setilaiti katika maeneo makavu ya kilimo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wakulima wa umwagiliaji, maofisa wa mabonde ya maji, wanafunzi na waandishi wa habari wanaokutana na ramani nyekundu zinazosema kwamba maji chini ya ardhi yanakwisha, wakataka kujua ramani hizo zimetokana na nini na zinaaminika kwa kiasi gani. Mifano mingi ni ya India na Marekani kwa sababu huko ndiko kipimo hiki kilikotumika zaidi. Dodoma imeingia kwa sababu ina kumbukumbu ambayo setilaiti haiwezi kuitoa.

Setilaiti inawezaje kuona maji yaliyo chini ya mwamba?

Haiyaoni. Hakuna kamera iliyoko angani inayoweza kupenya makumi ya mita za udongo na mawe ikayakuta maji yalipo. Kinachofanyika ni kuyapima uzito. Kila kitu chenye uzito kina mvutano, na eneo ambalo ardhi yake imeshiba maji huvuta zaidi kidogo kuliko litakavyovuta maji hayo yakishatoka.

Tarehe 17 Machi 2002, Shirika la Anga la Marekani, NASA, likishirikiana na Kituo cha Anga cha Ujerumani, DLR, lilirusha setilaiti mbili pacha za mradi unaoitwa GRACE. Zilifuatana katika njia moja, kwenye kimo cha kilomita 500 hivi, zikiwa zimeachana kwa takriban kilomita 220. Ya mbele ilipokaribia eneo zito ilivutwa na kuongeza mwendo, na umbali kati yake na mwenzake ukarefuka. Ya nyuma nayo ilipofika hapo ilivutwa vilevile, na umbali ukafupika. Mabadiliko hayo yalipimwa kwa mawimbi ya maikrowevu kwa usahihi wa karibu mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, kati ya vyombo viwili vilivyo mbali kama mji mmoja na mwingine.

Ndani ya mwezi mmoja njia za setilaiti hizo huifunika dunia yote, ndipo inapochorwa ramani ya mvutano wa mwezi huo. Milima haibadiliki uzito kutoka Machi hadi Aprili. Kinachobadilika kwa kasi hiyo, baada ya kuondoa athari za hewa na za bahari, kwa sehemu kubwa ni maji.

Lakini maji yapo pia mitoni, maziwani na kwenye udongo wa juu. Yanatenganishwaje na ya ardhini?

Hapa ndipo penye kazi ngumu zaidi, na ndipo msomaji anapopaswa kuwa mwangalifu. Mizani ikipima gunia, haisemi ndani yake mna mahindi kiasi gani na unyevu kiasi gani. Husema uzito wa gunia zima. GRACE ni mizani ya namna hiyo. Inatoa badiliko la maji yote kwa pamoja: theluji, mito, mabwawa, unyevu wa udongo na maji ya ardhini. Ili kupata la mwisho, mtaalamu hutoa hayo mengine moja baada ya jingine. Maji ya mabwawa na maziwa yanaweza kupimwa kwa vipimo vya kawaida au kwa setilaiti zinazopima kimo cha maji, lakini unyevu wa udongo kwa kawaida hukadiriwa kwa modeli za kompyuta zinazolishwa takwimu za mvua, jua, joto na upepo. Modeli ikikosea unyevu wa udongo, kosa hilo lote hurithiwa na maji ya ardhini. Ndiyo sababu kila takwimu ya uaminifu huandikwa pamoja na kiwango chake cha mashaka, na takwimu inayotangazwa bila kiwango hicho inastahili kuulizwa maswali.

Ni wapi kipimo hiki kilipothibitisha upungufu mkubwa katika kilimo?

Mfano unaojulikana kuliko yote ni kaskazini-magharibi mwa India, katika majimbo ya Rajasthan, Punjab na Haryana, pamoja na Delhi. Mwaka 2009 Matthew Rodell, Isabella Velicogna na James Famiglietti walichapisha katika jarida la Nature hesabu iliyoonyesha kwamba kati ya Agosti 2002 na Oktoba 2008 eneo hilo lilipoteza kilomita za ujazo 109 za maji ya ardhini. Kwa mwaka, hiyo ni kilomita za ujazo 17.7, kukiwa na mashaka ya 4.5 juu au chini. Kilichowashtua wengi ni kwamba mvua katika miaka hiyo ilikuwa karibu na kawaida. Ukame haukuwa wa kulaumiwa. Maji yalikuwa yakichotwa kwa kasi kuliko yalivyorudi.

Chanzo chake kinaeleweka. Tangu miaka ya 1960, wakati wa mapinduzi ya kijani, Punjab na Haryana ziligeuzwa ghala la nafaka la nchi. Mpunga, ambao haukuwa zao kuu la Punjab, ulienea kwa sababu serikali iliununua kwa bei ya uhakika, na umeme wa kusukuma maji kwa kilimo ukatolewa kwa ruzuku kubwa, na baadaye bure kabisa kwa wakulima wa Punjab. Mkulima ambaye umeme wake haulipiwi hana sababu ya kuizima pampu usiku. Simlaumu: alifanya lile ambalo bei na sera zilimwelekeza kufanya.

Mwaka huohuo wa 2009, Punjab ilitunga sheria ya kuhifadhi maji ya ardhini, na Haryana ikatunga yake. Kwa sheria ya Punjab, mkulima hakuruhusiwa kupandikiza mpunga kabla ya tarehe 10 Juni, ili mashamba yasifurikishwe maji wakati wa joto kali kabla ya mvua za masika ya huko kukaribia. Hatua hiyo ilikuwa na mantiki, lakini ilizaa tatizo jingine: mavuno yalisogea mbele, muda kati ya kuvuna mpunga na kupanda ngano ukawa mfupi mno, na uchomaji wa mabua ukabanwa kwenye siku chache za mwisho wa Oktoba na Novemba, wakati hewa imetulia na moshi hauondoki. Anayeshughulikia maji peke yake bila kutazama kalenda yote ya shamba hujikuta amehamisha tatizo.

Sentimita 4 za maji kwa mwaka zinaonekana kidogo. Kwa nini zitutie wasiwasi?

Swali hili huulizwa kwa sababu hasara ya India mara nyingi hutajwa hivyo: sentimita 4 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba kama maji yote yaliyopotea yangetandazwa juu ya eneo zima, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 440,000 hivi, yangefanya tabaka la unene huo. Sentimita moja tu juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni 10. Wewe zidisha.

Tena, maji ya ardhini hayakai kama maji ndani ya tangi. Yanakaa kwenye vinafasi kati ya chembe za mchanga au kwenye nyufa za mwamba, na sehemu kubwa ya ujazo wa ardhi ni mawe yenyewe. Ikiwa ni asilimia 12 tu ya ujazo huo inayotoa maji, kiwango ambacho watafiti wale walikitumia, basi kutoa sentimita 4 za maji hushusha usawa wa maji kisimani kwa sentimita 33 hivi. Kwa miaka kumi hiyo ni zaidi ya mita tatu. Mwenye kisima kifupi na pampu ndogo huona kwanza maji yakija na mchanga, kisha pampu ikivuta hewa, kisha kisima kikibaki shimo. Jirani yake mwenye uwezo huchimba zaidi na kununua pampu yenye nguvu. Kwa hiyo upungufu ambao kwenye ramani umeenea sawasawa, kijijini huanza na maskini.

Je, naweza kutumia takwimu hizi kujua hali ya kisima changu au ya kijiji chetu?

Hapana. GRACE haitofautishi vizuri maeneo yaliyo madogo kuliko kilomita za mraba kati ya 150,000 na 200,000. Mtu akikuuzia taarifa ya kisima chako akidai imetokana na setilaiti za mvutano, usimpe fedha yako.

Zipo ramani zilizochorwa kwa vipande vidogo zaidi kwa kuchanganya GRACE na modeli. Zinasaidia kupanga, lakini undani wake umetoka kwenye modeli zaidi kuliko kwenye setilaiti, na haufai kutolewa kama ushahidi katika mgogoro wa watu wawili.

Nimesikia kwamba setilaiti nyingine hupima ardhi inavyozama. Hilo linahusianaje na maji?

Linahusiana moja kwa moja pale ambapo chini kuna tabaka za mfinyanzi. Maji yaliyomo kwenye tabaka hizo husaidia kubeba uzito wa ardhi iliyo juu. Yakivutwa, chembe za mfinyanzi hulaliana na kubanana, na uso wa ardhi hushuka. Setilaiti zenye rada, kama Sentinel-1 ya Ulaya iliyorushwa Aprili 2014, hupita juu ya mahali palepale kila baada ya siku 12, na kwa kulinganisha mawimbi yaliyorudi safari moja na nyingine huweza kugundua mshuko wa milimita chache. Tofauti na GRACE, rada huonyesha hata mtaa na shamba.

Bonde la San Joaquin huko California lina picha ambayo kila mwanafunzi wa maji ameiona. Mwaka 1977 mtaalamu Joseph Poland alisimama kando ya nguzo ndefu karibu na Mendota. Juu kabisa ya nguzo, mbali sana na kichwa chake, kibao kinaonyesha uso wa ardhi ulikuwa wapi mwaka 1925; katikati kuna kibao cha 1955; na uso wa mwaka 1977 uko miguuni pake. Ardhi ilikuwa imeshuka kwa mita 9 hivi katika kipindi cha nusu karne. Kuzama huko hakujakoma: mfereji wa Friant-Kern, unaopeleka maji mashambani kwa mteremko wa ardhi pekee, ulipoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake katika sehemu mojawapo kwa sababu ardhi chini yake ilibonyea.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mfinyanzi ukishabanana haufunguki tena kwa kiasi kikubwa, hata mvua ikinyesha miaka kumi mfululizo. Nafasi iliyokuwa ikihifadhi maji imepotea. Rada haisaidii sana, hata hivyo, kwenye maeneo ya mwamba mgumu kama sehemu kubwa ya katikati ya Tanzania, kwa kuwa mwamba wa namna hiyo haubonyei hata nyufa zake zikikauka.

Je, kila upungufu unaoonekana ni kosa la pampu?

Si kila mara. Ukame hupunguza uzito wa maji bila mtu kuwasha pampu, na hapohapo huwafanya watu wawashe pampu nyingi zaidi, kwa hiyo sababu hizi mbili huchanganyika. California ilipokosa mvua kuanzia mwaka 2006, wakulima waliopunguziwa maji ya mifereji waligeukia visima. Hesabu ya GRACE kwa kipindi cha Oktoba 2003 hadi Machi 2010 iliona Bonde la Kati la California, ambalo San Joaquin ni sehemu yake, likipoteza karibu kilomita za ujazo 20 za maji ya ardhini, kwa sehemu kubwa katika miaka hiyo ya ukame. Njia nzuri ya kutofautisha ni kutazama kinachotokea baada ya mvua kurudi. Eneo lililoathiriwa na ukame tu hurudi karibu na lilipokuwa. Eneo linalochotwa kupita kiasi hupanda kidogo, kisha hushuka chini zaidi ya mara iliyopita, kama ngazi.

Kwa sababu hiyo usimwamini mtu anayetangaza maafa, au nafuu, kwa takwimu za miaka miwili.

Inawezekana kujua ni nani anayechota na kwa kiasi gani?

Kwa sehemu. Setilaiti kama Landsat huonyesha mashamba yaliyo kijani wakati mazingira yote yamekauka, na kutokana na joto la uso wa ardhi wataalamu hukadiria maji yanayopotea kuwa mvuke kutoka kwenye udongo na majani. Nchini Saudi Arabia, picha za Wadi As-Sirhan zinaonyesha jangwa la miaka ya 1980 likijaa miduara ya kijani ya mashine za kumwagilia zinazozunguka, zikilishwa na maji ya kale yaliyojikusanya chini wakati nchi hiyo ilipokuwa na mvua nyingi. Ufalme huo ulizalisha ngano hadi ukauza nje. Mwaka 2008 ukaamua kuliacha zao hilo hatua kwa hatua ili kunusuru maji. Kwa Afrika na Mashariki ya Kati, FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, inatoa bure takwimu za WaPOR zinazokadiria maji yanayotumiwa na mazao.

Angalizo moja ambalo wasambazaji wa vifaa hawapendi kulisikia: mabomba ya matone hayapunguzi daima uchotaji. Sehemu ya maji yanayomwagwa kwa mafuriko shambani huzama na kurudi chini. Mkulima akihamia kwenye matone, kinachozama hupungua, na mara nyingi maji aliyoyaokoa huyatumia kupanua shamba. Pampu hufanya kazi ileile, mwamba hurudishiwa kidogo zaidi. Pampu za sola zina hatari kama hiyo, kwa kuwa zikishanunuliwa kila lita ya ziada haina gharama. Nazitaja kwa uangalifu, maana zimewakomboa wakulima wengi kutoka kwenye gharama ya dizeli, lakini kuzigawa bila kupima visima ni kukopa maji ya watoto.

Kwa nini hatuoni takwimu za aina hii kwa Dodoma au kwa nyanda kavu za Kenya?

Kwanza, ukubwa. Mkoa mzima wa Dodoma una kilomita za mraba zipatazo 41,000, na bonde la Makutupora, ambalo ni chanzo kikuu cha maji ya ardhini cha jiji la Dodoma, ni kipande kidogo tu ndani yake. Mizani ya GRACE haiwezi kulipima peke yake.

Pili, majirani wazito. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba karibu 69,000, hivyo mita moja ya kupanda kwake ni kilomita za ujazo 69 za maji. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 ziwa lilipanda hadi kimo cha rekodi mwezi Mei 2020. Uzito kama huo hufurika kwenye ramani hadi nje ya mipaka ya ziwa, na asiyeuondoa kwa uangalifu atadhani ardhi ya mikoa ya jirani imejaa maji.

Tatu, tabia yenyewe ya mvua, na hapa Makutupora inatufundisha jambo ambalo setilaiti ya 2002 ilichelewa mno kulishuhudia. Visima vya huko vimepimwa tangu katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 2013 Richard Taylor na wenzake, wakiwemo wataalamu wa Tanzania, walichapisha rekodi hiyo ya miaka 55. Ilionyesha kwamba usawa wa maji hushuka mwaka baada ya mwaka, kisha hupanda ghafla katika misimu michache yenye mvua kubwa kupita kawaida. Na msimu uliozidi yote ni ule wa El Niño wa 1997 na 1998, ambao wengi tunaukumbuka kwa madaraja yaliyozolewa na barabara zilizokatika. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mwamba wa Makutupora haujazwi kwa haba na haba. Manyunyu ya mwaka wa kawaida huishia kwenye udongo wa juu na kurudi hewani kwa jua la Dodoma. Mvua inayolijaza korongo ikafurika na kutuama ndiyo inayofika chini. Wanaochimba mchanga wa makorongo kiangazi kupata maji ya kunywa wanalijua hilo kwa mikono yao.

Kwa hiyo mpangaji wa mji au wa shamba la zabibu anayechukua wastani wa mvua wa kila mwaka na kugawa, atakosea. Swali la kuuliza ni maji yaliyopo yatatosha hadi msimu mkubwa ujao, ambao huenda ukawa mwakani au baada ya miaka kumi.

Kwa nini kuna pengo katika takwimu za 2017 na 2018?

GRACE ilikoma kazi mwaka 2017 baada ya betri kuchoka, na mrithi wake, GRACE-FO, akarushwa tarehe 22 Mei 2018. Miezi hiyo ya katikati haikupimwa. Mistari inayopita kwenye pengo hilo katika grafu ni makadirio.

Takwimu zinauzwa?

Hapana. GRACE, Sentinel-1, Landsat na WaPOR zote hutolewa bure. Kinachogharimu ni mtu anayejua kuzisoma, kompyuta na intaneti ya kutosha.

Ofisi ya bonde au jumuiya ya watumia maji yenye fedha kidogo ianze na nini?

Ianze na kisima kimoja cha uchunguzi, kisichofungwa pampu, na mtu mmoja wa kukipima. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayetumia maji ya ardhini kwa kilimo kikubwa, lakini kibali hakina maana kama anayekitoa hajui usawa wa maji ulivyokuwa mwaka jana. Hata GRACE huthibitishwa kwa visima. Nchi ikiacha kuvipima itabaki na ramani nzuri isiyo na wa kuisahihisha.

Kazi yenyewe huchukua robo saa. Kifuniko cha kisima hufunguliwa, na utepe wenye alama za sentimita hushushwa taratibu. Ncha yake ikigusa maji kifaa hulia. Utepe huinuliwa kidogo na kushushwa tena kuhakikisha, kwa kuwa ukuta wenye matone hudanganya. Kina husomwa kwenye alama ileile ya rangi kwenye mdomo wa bomba, kila mwezi, asubuhi kabla pampu za jirani hazijawashwa. Kwenye daftari huandikwa tarehe, saa, kina, jina la mpimaji, na kama kuna pampu iliyokuwa ikifanya kazi karibu. Mwezi ambao hakukupimwa huachwa wazi, haujazwi kwa kukisia. Nakala moja hubaki kijijini na nyingine hupelekwa ofisi ya bonde.